Mtani Aliyekalia Godoro

Mwanahawa alikuwa amechoka kabla moto haujashika pazia. Watu wa nyumba ile ya Kilakala walidhani uchovu wake ulianza siku hiyo ya moto, kwa sababu ndiyo siku walipomwona ameketi kibarazani, mikono imelegea mapajani, vidole vimepakwa asali, hasemi neno. Kumbe uchovu ulikuwa wa zamani. Ulimkaa mgongoni kama mtoto aliyekwisha kukua na bado hataki kushuka.

Kazi yake ilikuwa viungo vya chai. Mdogo wake, Halidi, alimletea kutoka Kinole, kule milimani kwao: mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga, vyote ndani ya kiroba kimoja kilichofungwa kwa kamba ya mgomba. Mwanahawa alivichambua kwa vidole, akavianika kwenye ungo, akavitwanga, akavichekecha, kisha akavipima kwa kifuniko cha chupa na kuvitia kwenye vifuko vidogo vya nailoni. Wenye maduka walivijua viungo vyake. Chumba chake kilinukia mpaka wapita njia wakapunguza mwendo.

Kutwanga hakukuhitaji macho. Kufunga vifuko ndiko kulikohitaji. Kifuko cha viungo hufungwa kwa mshumaa: unakunja mdomo wa nailoni, unaupitisha kando ya mwali mara moja, unaubonyeza, unashikana. Ukikawia unatoboka, ukiharakisha haushiki. Mwanahawa aliwahi kujaribu kuvifunga fundo, lakini wenye maduka wakamrudishia. "Mama, cha fundo hakinunuliwi. Watu wanasema kimeshafunguliwa." Basi kila jioni alimngoja Eufrazia.

Eufrazia alipanga chumba kilichotazamana na chake. Aliuza mboga sokoni, figiri na kabichi na karoti zinazoshushwa kutoka Mgeta, kwao. Huyu Mkristo, yule Mwislamu; huyu wa upande ule wa milima, yule wa upande huu. Lakini wote wawili ni Waluguru, na koo zao zilikuwa watani tangu kwa mabibi wa mabibi. Na mtani hana haya. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akakunyang'anya kiti, akakulilia msiba nawe u mzima. Ukicheka, mmekwenda sawa. Ukikasirika umekosa, na mkosaji hulipa faini.

"We kipofu," Eufrazia angeanza akiwa bado mlangoni, "leo kanga umeifunga juu chini. Atakayetaka kuisoma asimame kwa kichwa."

"Afadhali mimi sioni. Wewe macho unayo na bado ukanunua zile kabichi za juzi. Zimeoza mpaka mimi nimeziona."

Huku wanatukanana, Eufrazia aliwasha mshumaa na kufunga vifuko, kimoja kimoja, na miguu yake iliyosimama kutwa nzima ameinyoosha kwenye mkeka. Katika mji mzima wa Morogoro, huyo ndiye mtu pekee ambaye hakuwahi kumwambia Mwanahawa "maskini".

Kwa maana kila kitu kwa Mwanahawa kilikuwa na bei mbili. Kulikuwa na bei ya pesa, ambayo hata mwenye macho huilipa. Na kulikuwa na bei ya "naomba". Akinunua mkaa, amwombe mtu amwangalizie kama debe limejaa. Simu ikilia ujumbe, amwombe mtu amsomee, na ujumbe uwe wa siri au wa ugonjwa, nyumba nzima imeujua. Akienda Msamvu kupeleka mzigo, atafute mwendesha pikipiki yule yule, kwa sababu wengine walimshusha upande usio wake wa barabara wakaondoka. Na baada ya kila "naomba" huja "ahsante", na ahsante lazima iwe na tabasamu. Hata yule aliyemkamata mkono ghafla akamvusha barabara ambayo hakutaka kuivuka, alimshukuru, akangoja aende zake, ndipo akaanza kutafuta namna ya kurudi. Siku nyingine jioni mashavu yalimuuma kwa kutabasamu.

Siku ya moto ilikuwa Ijumaa. Mwenye duka mmoja alitaka mzigo wake kabla ya magharibi. Eufrazia hakutokea. Soko lilikuwa limelala, mboga hazikutoka, naye alibaki pale akizinyunyizia maji zisinyauke. Mwanahawa alikaa mbele ya beseni la vifuko akisikiliza mlango wa nje. Kila aliyeingia hakuwa Eufrazia. Angeweza kumwomba Mama Rahel, mwenye nyumba. Lakini asubuhi alikwisha kumwomba amsomee ujumbe, na jana yake amtazamie mchele kama una wadudu. Akaona kwa wiki ile ameomba vya kutosha. Akawasha mshumaa mwenyewe.

Vifuko vya kwanza vilikwenda vizuri, na hilo ndilo lililomponza. Alilisikia joto la mwali ubavuni mwa kidole, akapitisha, akabonyeza, kikashika. Akacheka peke yake kama msichana. Alikuwa hajacheka hivyo siku nyingi. Akavuta beseni karibu ili aendelee, kiwiko kikagusa mshumaa, mshumaa ukaangukia upande wa dirisha.

Alilisikia pazia kabla ya kusikia joto: sauti kama ya mtu anayekunja karatasi. Akalishika kwa mikono yote miwili, akalivuta, akapiga kelele.

Wema ulikuja mbio. Mama Rahel alikuja na ndoo ya maji ya kufulia, povu na yote. Ezekiel, fundi cherehani wa nyumba ya jirani, aliruka ukuta. Mtu akambeba Mwanahawa mpaka nje, ingawa miguu yake haikuwa na kasoro. Mtu mwingine akakumbuka ndala zake, akamvalisha. Moto ulizimwa kabla haujafika darini. Hakuna aliyemgombeza. Mama Rahel alimpaka asali vidoleni, akivipuliza kimoja kimoja. Kabla jua halijazama Ezekiel alikuwa ameshona pazia jipya, akakataa hata kutajiwa malipo. "Kipande tu kilichobaki, mama. Kina maua." Kila pole aliyopewa ilikuwa ya kweli, na kila moja ilimwongezea mzigo.

"Mama Mwanahawa," alisema Mama Rahel walipobaki wawili, "nimempigia mdogo wako."

"Halidi?"

"Nisamehe. Nakuogopea. Nyumba naweza kujenga nyingine. Wewe je?"

Mwanahawa akasema ahsante. Mdomo wake ulikwisha kuzoea.

Eufrazia aliporudi na kusikia, hakutukana. Aliingia kimya, akaketi, akafunga vifuko vyote vilivyobaki bila kuinua kichwa. Kimya kile kilimtisha Mwanahawa kuliko moto.

"Nitanie basi," akamwambia.

"Leo sina utani."

Jumapili asubuhi Eufrazia akiwa kanisani, wageni wakafika. Walikuja na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kilichokodiwa pamoja na dereva wake, kijana wa mjini aitwaye Rogers. Halidi alishusha mkungu wa ndizi, magimbi na kiroba cha viungo. Nyuma yake alishuka Mjomba Mikidadi. Mwanahawa alimjua kwa kikohozi kabla hajasema, akashtuka. Mjomba alikuwa mzee, magoti yake hayakupenda safari. Na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mamaye, mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba akishuka mlimani mwenyewe, hakuja kusalimia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hebu nione mikono." Akaishika kwa upole, akaigeuzageuza. "Asali. Vizuri. Aliyekupaka ana akili."

Wakatandikiwa mkeka kibarazani, wakapewa chai. Na hapo ndipo mazungumzo yalipompita Mwanahawa juu ya kichwa, kama ndege wanavyopita.

"Huwa anakula nini huyu?" Mjomba alimwuliza Mama Rahel.

"Anapika mwenyewe, mzee."

"Mwenyewe! Na maji?"

"Anachota bombani hapo. Anafuata ukuta."

"Na akiugua?"

"Akiugua tunamwangalia. Lakini, mzee, sisi nasi tunatoka, tunahangaika."

"Kweli, kweli. Mmefanya mengi. Mungu atawalipa."

Mwanahawa alikuwa amekaa katikati yao. Chai yake ilipoa. Akafikiri kwamba kama angenyoosha mkono angemgusa kila mmoja wao, na bado hakuna aliyemwuliza hata kama chai ina sukari.

"Basi neno ni moja," alisema Mjomba. "Arudi nyumbani. Hatutangoja kuletewa majivu."

"Nimekujengea chumba, dada," Halidi alisema taratibu. Alikuwa amesogea karibu. Alinukia moshi wa kuni na majani ya migomba. "Tofali za kuchoma. Sakafu nimeisakafia saruji ili miguu isijikwae. Mlango unaangalia jikoni kwa mke wangu, ukiita tu anasikia. Sikutaka kukwambia mpaka kiishe. Hutashika jiko tena. Hutabeba ndoo. Utakaa tu."

Kaa tu. Mwanahawa alilijua neno hilo kama mtu anavyolijua jina lake.

Presha ya macho ilimchukua akiwa bado na mume na shamba. Ilianza pembeni ikamalizia katikati, kidogo kidogo, na ilipomaliza mume alimrudisha kwao kwa maneno mazuri. Halidi alimpokea. Alikuwa kijana tu, ana mke mchanga, na hakununa hata siku moja. Chakula kilimfuata Mwanahawa mkononi. Maji ya kuoga yalikuwa ya moto. Akinyanyuka kufuata mchi, mke wa Halidi aliuchukua kwa upole: "Kaa tu, wifi." Akitaka kumenya ndizi: "Kaa tu, utajikata." Akitaka kwenda msalani, mtu alimshika mkono, hata alipokuwa anaijua njia. Watu waliingia alikolala bila kubisha hodi, kwa sababu hodi hubishwa kwa mwenye chumba, naye hakuwa mwenye chumba. Miaka ikapita akiwa juu ya mkeka ule. Mwisho akawa anaamka asubuhi amechoka, kama aliyelima usiku kucha, na hakujua amelima wapi.

Aliposhushwa mjini kwa matibabu, alikutana na mzee mmoja kipofu, Kasimiri, aliyemfundisha kutembea na fimbo kwa ukali wa mwalimu wa zamani. Hakurudi tena Kinole. Hapo ndipo ilipoanza Kilakala, na kinu, na "naomba".

Sasa alitaka kusema haya yote. Lakini unagombana vipi na mtu aliyekusakafia chumba? Unamwambia nini? Akafungua mdomo, akasikia jinsi Halidi anavyopumua kwa furaha ya kutoa zawadi yake, akaufunga. Kimya chake kikahesabiwa kuwa ndiyo.

Halidi akaingia chumbani kufungasha. Mwanahawa alibaki kibarazani akisikiliza chumba chake kinavyofumuliwa. Akasikia sufuria zikiingizwa kwenye beseni. Akasikia kinu kikiburutwa. Akasikia kamba ikizungushwa kwenye godoro, mara mbili, na fundo likakazwa. Hakulia. Hata kulia kuna kazi yake, na alikuwa hana nguvu.

Godoro lilikuwa limefika mlangoni Eufrazia aliporudi. Mwanahawa alisikia viatu vyake vya kanisani vikisimama ghafla. Kisha:

"Uwiii! Mtani wangu amekufa jamani, na sikuambiwa!"

Mtu mzima mwenye mwili wake alijitupa juu ya godoro, puu, na kilio kikaanza, cha msibani kabisa, cha kuvuta na kushusha. Majirani wakatoka.

"Mama, tupishe," Halidi alisema. "Hajafa mtu."

"Hajafa? Mbona anatolewa na godoro? Baba, mimi misiba naijua. Mtu akitolewa na godoro lake, hasemi, na wanaume wamekaa kando wanaamua njia ya kupita, huyo ni maiti. Nimekuja kudai haki yangu ya mtani. Nipeni kuku, nipeni sahani aliyokuwa akilia chakula. Na wewe mzee unayekohoa hapo, nani?"

"Mimi mjomba wake. Mikidadi."

"Mikidadi wa Kinole! Na wewe bado upo? Sisi tuliambiwa kaburi lako lilichimbwa zamani, ukachelewa mpaka likaota magimbi!"

Kicheko kililipuka uani. Rogers dereva alicheka mpaka akaegemea kigari chake. Mjomba alikohoa, na ndani ya kikohozi kile Mwanahawa akasikia kitu kimebadilika.

"Wewe ni wa wapi?"

"Wa Mgeta. Ukoo unaujua mwenyewe, mlikimbia madeni yetu."

"Ahaa. Ninyi ndio mlioiba ngoma yetu."

"Ngoma gani? Mlikuwa na debe!"

Mjomba alicheka. Mzee aliyeshuka mlimani na magoti mabovu, uso umekunjwa tangu alfajiri, alicheka kwa sauti. Lakini Halidi hakucheka. Halidi hakuwa amelala tangu Ijumaa. Alikuwa ameziona zile alama nyeusi ukutani, dirishani, na vidole vya dada yake.

"Mama, acha upuuzi! Dada yangu ameungua hapa. Ameungua kwa sababu alikungoja wewe, na wewe hukuja! Toka juu ya godoro!"

Akalishika godoro, akalivuta kwa nguvu. Eufrazia akateleza, akaanguka sakafuni kwa kiwiko.

Kuku mmoja tu alisikika akiparua majani.

"Halidi," alisema Mjomba.

"Mjomba, huyu mama..."

"Halidi. Umemkasirikia mtani."

"Lakini mjomba, leo si siku ya..."

"Siku haichaguliwi. Umemkasirikia, na umemwangusha. Mbele yangu." Mzee alinyanyuka, magoti yakalia. "Inuka, mtani wangu. Mtoto amekosa. Ukoo umekosa. Taja faini yako, tutalipa."

Watu wakangoja kusikia kuku, au jogoo, au kwa jinsi mtani huyu alivyokuwa na mdomo, mbuzi mzima. Mwanahawa alimsikia Eufrazia akihema, akikung'uta gauni lake.

"Sitaki kuku," akasema. Sauti ya utani ilikuwa imemwisha. "Mwulizeni mwenyewe anataka nini. Hiyo ndiyo faini yangu. Na mkishamwuliza, msimjibie."

Mjomba alikuja akachuchumaa mbele ya Mwanahawa. Hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa, mzee kama yule.

"Mpwa wangu. Unataka nini?"

Mwanahawa alikuwa amelingoja swali hilo tangu asubuhi. Pengine alilingoja tangu mumewe alipomfungia mizigo.

"Nimechoka, mjomba," alisema.

"Umesikia?" Halidi akadakia. "Umesikia mwenyewe, mjomba?"

"Usimjibie."

"Nimechoka," Mwanahawa alirudia. "Sitawadanganya. Kuomba kumenichosha. Kusema ahsante kumenichosha. Barabara naiogopa, na sasa hata mshumaa naogopa. Zipo siku nalala bila kula kwa sababu kiberiti kimeanguka, na mwili unakataa kupiga magoti kukitafuta. Ndivyo hapa palivyo. Lakini hapa nikichoka, nakijua kilichonichosha. Kule nilichoka kwa kukaa. Halidi, mdogo wangu, hukunikosea. Mkeo hakunikosea kitu. Mlinitunza mpaka mikono yangu ikafa. Nataka kubaki."

Kisha Halidi, sauti yake ndogo kama ya zamani alipokuwa akimfuata shambani:

"Na chumba, dada? Nikifanyie nini?"

Mwanahawa aligeukia sauti yake. Akanyoosha mkono, akatafuta, akampata bega. "Nitakuja kukilalia Idi."

"Idi tu?"

"Idi. Na wakati wa kuchuma karafuu. Lakini nichume."

Halidi hakuliondoa bega lake.

"Faini imelipwa," alisema Mjomba. "Godoro libaki. Lakini na mimi nina neno langu. Mshumaa huushiki tena."

"Siushiki, mjomba."

"Hata kama mwenye duka amesimama mlangoni."

"Hata hivyo."

Alijua anachokiahidi. Siku ambazo Eufrazia atachelewa, mzigo utalala kwenye beseni, na mwenye duka atanunua kwa mwingine. Baadhi yao hawatarudi. Aliahidi hivyo hivyo.

Rogers akauliza kama basi anarudi tupu. "Mimi niliambiwa nahamisha mtu, mzee, naona tumehamisha ndizi."

"Utanihamisha mimi," alisema Mjomba. "Na uendeshe polepole, kaburi langu limeota magimbi."

Wakaagana. Halidi alimshika dada yake kifundo cha mkono, si vidole, asimwumize. "Viungo nitaendelea kuleta," alisema, na kwa jinsi sauti ilivyotoka alikuwa ametazama ukutani. Kisha akamgeukia Eufrazia, akasema, "Mama, nisamehe," na Eufrazia akamjibu kwamba ng'ombe haombi msamaha, ng'ombe huchinjwa. Ndipo Halidi akacheka, kidogo, kwa shida. Kirikuu kikaondoka. Mwanahawa alikisikiliza mpaka kilipokata kona, na moyo wake haukuwa na ushindi wowote. Alimfikiria Halidi akifika nyumbani, akipita mbele ya mlango ule mpya.

Mama Rahel alitoka na kubaki amesimama pembeni. "Mama Mwanahawa, mimi sikukufukuza."

"Najua, mama. Ulifanya alichofanya kila mtu mwenye huruma."

"Basi vifuko, siku Eufrazia akichelewa, si uniite?"

"Nitakuita." Na wote wawili walijua kwamba siku nyingine ataita, na siku nyingine hataita.

Eufrazia alikuwa ameketi juu ya godoro tena, akijipuliza kiwiko.

"Mdogo wako ana nguvu. Amenichuna."

"Pole, mtani."

"Pole yako ya kazi gani. Ungesema unakwenda, mimi ningefanyaje?"

"Ungelala mapema. Usingefunga vifuko vya mtu."

Eufrazia hakucheka. "Alisema kweli, lakini. Ijumaa ulinisubiri."

"Ijumaa ulikuwa unanyunyizia mboga maji ili watoto wako wale."

"Hata hivyo. Na mimi huchoka, Mwanahawa." Hakumwita kipofu. Ilikuwa mara chache sana kumtaja kwa jina. "Kuna siku miguu haitaki hata kukunjika."

"Naijua miguu yako. Naisikia ukiingia."

"Siku nikishindwa nitakwambia nimeshindwa. Nisikuongopee."

"Niambie."

Wakaliingiza godoro ndani wakisaidiana, huyu mbele yule nyuma, wakagongana na mlango, wakatukanana kidogo. Eufrazia akataka kupanga na vingine. Mwanahawa akamwambia aende akale, watoto wanangoja.

Chumba hakikuwa chake tena. Kila kitu kilikuwa kimetolewa mahali pake, kikafungwa na mtu mwenye macho. Akapiga magoti mbele ya beseni na viroba, akaanza. Halidi alikuwa amefungasha kama anayefungasha mayai. Kikombe chake cha chai alikizungushia kanga mara tatu. Ndani ya kinu alijaza magauni ili kisigongegonge njiani. Sindano alizichoma kwenye kipande cha sabuni zisije zikamchoma dada yake. Mwanahawa alikitoa kikombe taratibu kwenye kanga, akakishika kitambo na vidole vyake vinavyouma, kisha akakiweka rafuni.

Alitaka kupika zile ndizi. Jiko alilipata, kiberiti alikipata ndani ya kiatu. Chumvi hakuipata. Alipapasa kiroba cha kwanza, kiroba cha pili, chini ya kitanda, nyuma ya mlango. Alipata iliki. Alipata chanuo. Alipata kifuniko cha sufuria ambacho kilipotea tangu mwaka jana.

"Frazia!" akaita. "Hukuona chumvi ameiweka wapi?"

"Mimi nitajuaje?" sauti ilijibu kutoka ng'ambo, mdomo umejaa chakula. "Mwenye chumba nani?"

Mwanahawa akashusha pumzi, akatambaa mpaka mlangoni, akaanza kutafuta upya.